Mashua Iliyokataa Kwenda: Jinsi ya Kumsaidia Mwenzako Kurekebisha Programu Yake ya Kwanza

Kila mwaka kurasa hizi hujaa mashairi, vitendawili na insha za sherehe. Mwaka huu nimeonelea nilete jambo jipya kidogo, nalo ni tarakilishi. Najua wako watakaoguna na kusema, "Ya nini kompyuta katika jarida la Kiswahili?" Vuteni subira, mtaona kwamba Kiswahili kilitutoa matatani.

Habari yenyewe yanihusu mimi na binamu yangu, mwana wa mjomba, ambaye tuko naye kidato kimoja. Amenipita kimo lakini nimemzidi miezi minane, kwa hivyo huniita dada. Muhula uliopita mwalimu wetu wa tarakilishi alitwambia kila mtu aandike programu yake mwenyewe, yenye picha, ya kufunguka kwenye ukurasa wa wavuti, na akasema zile nzuri zitaonyeshwa siku ya wazazi. Binamu akachagua kuchora mashua inayovuka mlango wa mto Tana, kutoka huku kwetu Kipini hadi ng'ambo. Mjomba ni mvuvi, na mwanawe alitaka mzee akija siku hiyo aone chombo kinachofanana na chake kikielea ndani ya kioo.

Kwanza niwaeleze programu ya namna hii ni kitu gani, maana wengi huiogopa bure. Haihitaji intaneti, na hilo kwetu si jambo dogo. Yahitaji tarakilishi yoyote, programu ya kuandikia maandishi matupu, na kivinjari, yaani ile ile tunayofungulia kurasa za mtandao. Unaandika msimbo wako, unauhifadhi katika faili ambayo jina lake linaishia kwa .html, kisha unaifungua kwa kivinjari. Basi. Ndani ya faili mna sehemu mbili. Ya kwanza, kwa lugha iitwayo HTML, huweka pahali patupu pa kuchorea panapoitwa canvas, neno ambalo kwa Waingereza ni turubali. Ya pili, kwa lugha ya JavaScript, ndiyo inayochora juu ya turubali hilo. JavaScript ilibuniwa mwaka wa 1995 na Brendan Eich, kwa muda wa siku 10 tu. Canvas ilianzishwa na kampuni ya Apple mwaka wa 2004. Leo zote mbili zimo katika vivinjari vyote tunavyotumia, hata vya rununu.

Na mashua inasogeaje? Kwa hakika haisogei. Tarakilishi huchora picha nzima, ikaifuta, ikaichora tena hatua kidogo mbele, kiasi cha mara 60 kwa sekunde, na macho yetu yakadanganyika. Mahali mashua ilipo huwekwa katika kigeu, yaani kisanduku chenye jina, na kisanduku hicho binamu alikiita x. Kila mzunguko, x huongezwa kidogo.

Sasa nirudi kwa kisa. Jumamosi moja baada ya Magharibi binamu alikuja kwetu na kipakatalishi alichoazima, uso umemwiva.

"Dada, kompyuta haitaki."

"Haitaki nini?"

"Haitaki tu. Nimeandika vile vile alivyoandika mwalimu ubaoni, lakini hapana kitu."

Nikatazama. Ukurasa mweupe pe. Hapa ndipo nilipofanya kosa langu, na naliandika hapa bila kuficha. Nilikivuta kipakatalishi nikakipakata mwenyewe. Nikafuta hapa, nikaongeza pale, nikahamisha mistari, naye ameketi kando yangu anakula kaimati za mama. Haikufika saa moja, mashua ikawa inavuka mto, ikifika mwisho inaanza upya. Mimi kichwa kikafura. Yeye akashukuru, akaenda zake.

Jumanne mwalimu akapita meza hadi meza. Alipofika kwa binamu alitazama mashua akatabasamu. "Vizuri sana. Sasa ifanye iende kasi zaidi." Binamu alijua hilo, maana kulikuwa na kigeu kiitwacho kasi chenye thamani ya 2. Akakifanya 7. Mashua ikaondoka mbio, ikatokea upande wa kulia, na haikurudi. Tukangoja. Tukangoja tena. Mto mtupu.

"Imekwenda Lamu," mmoja akasema nyuma, na darasa zima likaangua kicheko.

Mwalimu akamwuliza kwa nini haikurudi. Kimya. Akamwuliza mstari unaoirudisha ni upi. Kimya. "Nani aliyeandika hii?" Binamu akasema polepole, "Nimesaidiwa." Kijasho chembamba kilinitoka, kwa sababu hata mimi niliyeiandika sikujua mashua imekwenda wapi. Mwalimu akaifuta alama yake na kumwambia aanze upya, kabla ya siku ya wazazi iliyobakia wiki mbili. Siku nne binamu hakunisemesha. Njiani alitembea upande ule wa barabara, mimi upande huu.

Siku ya tano nikaenda kwao. Alikuwa ameshafungua ile faili yake ya kwanza, yenye ukurasa mweupe. Nikamwomba radhi. Akaniambia, "Ukitaka kaa. Lakini ukigusa kibodi, naondoka." Basi nikaikalia mikono yangu, na sisemi kwa mfano, niliikalia kweli.

Mtu anapoanza, jambo la kwanza asemalo ni "haifanyi kazi." Neno hilo halimsaidii yeyote. Ni sawa na mgonjwa kumwambia daktari "naumwa" kisha akanyamaza. Nikamwuliza maswali mawili, nayo ndiyo tuliyoyatumia mpaka mwisho: Ulitaka kuona nini? Umeona nini? Akajibu, "Nilitaka kuona mto wa buluu. Naona weupe." Sasa tuna pa kuanzia.

Kisha nikamwonyesha kitufe cha F12. Ukikibonyeza, kivinjari hufungua dirisha la pembeni, na humo mna sehemu iitwayo konsoli ambamo tarakilishi hueleza shida yake kwa maandishi mekundu. (Kwenye vipakatalishi vingine sharti ubonyeze na Fn pamoja.) Binamu hakuwa amepaona hapo kamwe. Siku zote mashine ilikuwa ikilalamika chumba cha pili naye hasikii. Ujumbe ulisema ati haiwezi kusoma sifa za null, na ukataja namba ya mstari. Null maana yake ni kitu ambacho hakipo. Tukaenda mstari huo. Ndipo palipokuwa na amri ya kulitafuta turubali.

"Turubali liko wapi?" nikamwuliza.

"Si hili hapa chini."

"Na kivinjari husoma kutoka wapi?"

Akanyamaza, kisha akacheka. Kivinjari husoma faili kuanzia juu kuteremka, mstari baada ya mstari, kama sisi tusomavyo. Binamu alikuwa ameweka msimbo wa JavaScript juu, na turubali chini. Kwa hivyo alikuwa akiita mtu ambaye hajafika. Akauhamisha msimbo wote hadi mwisho wa ukurasa, akabonyeza kufungua upya. Ujumbe ule ukapotea, ukaja mwingine. Akasonya. Nikamwambia, "Afadhali. Ujumbe ukibadilika ujue umesonga." Kosa la pili likawa dogo: aliandika fillrect badala ya fillRect, R ndogo mahali pa kubwa. JavaScript huona hayo kuwa maneno mawili yasiyojuana.

Hapa ndipo Kiswahili kilipoingia. Katika faili ya binamu majina yote yalikuwa ya Kiingereza, aliyanakili kutoka ubaoni, kwa hivyo hakuweza kutenga neno alilolibuni mwalimu na neno la lugha yenyewe. Aliogopa kuligusa lolote. Nikamwambia vile visanduku vyako vyote vipe majina ya Kiswahili. Mashine haijali hata kidogo. Canvas akaiita turubali. Chombo cha kuchorea akakiita kalamu. Kitendo cha kuchora picha nzima akakiita chora. Baada ya hapo kila mstari ulijieleza: neno la Kiswahili ni letu, twaweza kulibadilisha tupendavyo mradi tulibadilishe kila mahali, neno la Kiingereza ni la mashine, na sharti liandikwe herufi kwa herufi. Katika kalamu.fillRect, kalamu ni yetu, fillRect ni yake. Wala lugha yetu si ngeni katika mambo haya. Mwezi wa Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, Ory Okolloh alitoa wazo la ukurasa wenye ramani ya kuonyesha matukio yalikotokea, na David Kobia na wenzake wakaiandika programu hiyo kwa siku chache. Waliiita Ushahidi, na baadaye ikatumiwa katika nchi nyingi, zikiwamo Haiti baada ya tetemeko la mwaka wa 2010.

Tukapata mto. Tukapata mashua. Lakini tanga lilikuwa limezama majini, ncha chini, kama chombo kilichopinduka!

"Ulitaka nini?"

"Tanga liende juu. Ndiyo maana nimetia namba kubwa, 350."

Msomaji, hapa usimcheke. Katika hisabati y ikiongezeka tunapanda, ndivyo tulivyofunzwa tangu tuanze kuchora grafu, naye alitumia alichofunzwa. Kwenye kiwambo cha tarakilishi mambo ni kinyume: sifuri iko pembe ya juu kushoto, x huongezeka kwenda kulia, na y huongezeka kwenda chini. Ningemwambia hivyo tu angesahau kesho yake. Nikamwuliza, "Mjomba akiteremsha bildi kupima kina cha maji, anaanza kuhesabu wapi?" Akasema, "Juu, penye maji. Pima moja, mbili, tatu, kwenda chini." Akasita. "Aa! Basi hii ni bildi." Tangu siku hiyo hakukosea y. Turubali lake lilikuwa na upana wa 600 na kimo cha 400, maji yalianza 250, kwa hivyo ncha ya tanga akaipandisha hadi 120, na mashua ikasimama wima.

Ikafuata shida ya mashua kuacha alama kila ilipopita, ikawa ndefu kama daraja. Hiyo aliimaliza mwenyewe kabla sijafungua kinywa: alikuwa amesahau kufuta picha ya zamani kabla ya kuchora mpya, kwa amri ya clearRect.

Lakini alipoongeza mstari wa kuirudisha mashua mwanzo, ikatia nanga. Haisogei. Konsoli nayo kimya, hakuna wekundu wowote. Makosa ya namna hii ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu mashine haioni kosa. Yatekeleza ulichoandika, si ulichokusudia. Sote twajua habari za shujaa Fumo Liongo, ambaye wazee husema kaburi lake li hapa hapa Kipini. Mkuki haukumdhuru, mshale haukumdhuru, ila sindano ya shaba kitovuni. Programu ya binamu ilikuwa na mistari arubaini na kitu, yote mizima, na kitovu chake kilikuwa alama moja.

Mimi nilikiona kitovu hicho papo hapo. Wallahi ulimi uliniwasha. Lakini nilikumbuka lile darasa likicheka, nikaumeza. Nikamwuliza tu, "Waijua thamani ya x sasa hivi?" Akasema inaongezeka. "Wajua, au wadhani?" Akaandika mwishoni mwa kitendo chake console.log(x), amri inayoifanya tarakilishi itaje thamani hiyo kwenye konsoli kila mzunguko. Ikataja 0. Ikataja 0 tena. Hesabu ya marudio ikapanda mamia, na x bado 0.

"Kuna mtu anairudisha," akasema.

"Nani?"

Akashuka mstari kwa mstari kwa kidole, mpaka akafika penye if (x = 600). Akaukodolea macho. Katika hisabati alama = yasema pande mbili ni sawa. Katika JavaScript alama hiyo ikiwa moja ni amri, maana yake "tia". Yeye alitaka kuuliza, "Je, x imefika 600?" lakini aliamuru, "Tia 600 ndani ya x." Mashine ikatia. Na kwa kuwa namba yoyote isiyo sifuri huhesabiwa kuwa kweli, sharti likatimia, x ikarudishwa 0, na mambo yakawa hayo hayo kila mzunguko. Kuuliza ni kwa alama mbili, ==, au tatu. Akaongeza moja. Mashua ikang'oa nanga.

Waingereza huyaita makosa kama hayo wadudu. Neno hilo mafundi walikuwa nalo zamani, lakini tarehe 9 Septemba 1947 watu wa mashine ya Mark II katika chuo cha Harvard, kikundi alichokuwamo Grace Hopper, walikuta nondo wa kweli amenasa ndani, wakambandika kwenye daftari lao la kazi. Nilimsimulia binamu hayo ili apumzike kidogo. Akasema afadhali nondo, anaonekana.

Sasa tukawa tumefika pale pale nilipomfikisha mimi ile Jumamosi, ila safari hii kwa mikono yake. Bila kuambiwa, akaifanya kasi 7. Mashua ikaenda, ikapotea. Nikamwambia kweli, "Hapa hata mie sijui." Akanitazama kama aliyeona ajabu. Kisha akachukua kalamu na karatasi. Alianza 0, akajumlisha 7, akaandika 7, 14, 21, akachoka, akagawanya 600 kwa 7. Akaandika 595. Chini yake akaandika 602.

"Dada! Haigongi 600. Inairuka!"

Naam. Kwa kasi ya 2, x hupita 598 ikafika 600 barabara, na mstari wangu uliouliza "je, ni sawa na 600?" ukapata jibu la ndiyo. Kwa kasi ya 7 hutoka 595 kwenda 602, haiwi 600 kamwe, na mashua huendelea nje ya turubali milele. Alichofanya ni kubadilisha swali: badala ya kuuliza kama x ni sawa na 600, auulize kama imezidi 600. Akafuta ==, akaweka >. Akaongeza ujanja wake mwingine ambao mimi sikuufikiria: badala ya kuirudisha x kwenye 0, akairudisha kwenye −80, kwa sababu mashua ina urefu wa 80, ili iingie upande wa kushoto polepole, omo kwanza, isizuke ghafla kama jini. Akajaribu kasi ya 7, ya 11, ya 13. Kila mara ilirudi.

Jambo moja tu la kuongeza, kwa yeyote atakayeketi na mwenzake: badilisheni kitu kimoja, mfungue upya ukurasa, mtazame, ndipo mbadilishe cha pili. Sisi mara mbili tulibadilisha vitu vitatu kwa pamoja kwa ajili ya haraka, na mara zote mbili tulirudi nyuma tusijue kipi kimeharibu.

Mwalimu alimtahini tena Ijumaa. Alimwuliza kila mstari, hata rangi ya maji. Alama zikarudi.

Siku ya wazazi mjomba alikuja na kanzu yake ya Ijumaa, akasimama mbele ya kioo, mikono nyuma. Mashua ikapita mara ya kwanza. Ikapita mara ya pili. Binamu alikuwa hata kupumua hapumui. Mzee akainama karibu.

"Chombo kizuri," akasema. "Lakini mbona chaenda kinyumenyume?"

"Vipi, baba?"

"Foromali ncha yake ya juu hukaa upande wa tezi. Wewe umeiweka omo. Hiki kwa macho yangu chaelekea huko, na chaenda huku."

Nikatazama, nikaona ni kweli. Ncha ya tanga ilikuwa x + 70, karibu na mbele ya mashua. Sote wawili tumezaliwa Kipini, tumeona mashua maisha yetu yote, na wiki mbili hatukuliona hilo. Mkono wangu ukaanza kwenda kwenye kibodi wenyewe.

"Dada, usiguse," binamu akasema.

Akafungua faili, akatafuta mstari wa tanga, akafuta 70 akaandika 20. Akahifadhi, akafungua upya. Mjomba akaitazama ikivuka mpaka ng'ambo, ikatokeza tena kushoto.

"Haya," akasema. "Sasa yaenda."